Matakwa na Khiari Katika Kiingereza cha Kila Siku: Makala ya Tatu

Katika makala mbili zilizotangulia tulizungumza juu ya salamu na juu ya kuomba radhi. Leo tuingie katika mlango ambao wanafunzi wengi wa Kiingereza hujikwaa kizingitini pake, nao ni namna wenyeji wa lugha ile wanavyotaja matakwa na khiari zao wanapokuwa mezani, dukani au njiani.

Nilipokuwa Uingereza niliingia katika mkahawa mdogo pamoja na kijana mmoja wa pwani yetu, msomi mwenye haya na adabu nyingi. Mwanamke mhudumu alipotuuliza tutakunywa nini, kijana akajibu kwa upole, "I like tea." Yule mwanamke akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali, kisha akabaki amesimama, penseli yake juu ya karatasi, akingoja, kwani alilopewa ni habari tu, ya kuwa mgeni huyu ni mpenzi wa chai, na chai yenyewe ilikuwa bado haijaagizwa. Kijana alikusudia "I'd like tea", na kilichopotea ni sauti ya d peke yake. Mwenyeji haitamki sauti hiyo waziwazi: huupeleka ulimi kwenye ufizi wa juu na kuuacha papo hapo, ukapokewa na l ifuatayo. Sisi, ambao maneno yetu aghalabu humalizikia kwa irabu, ama hatuisikii kabisa, ama tukiisikia twaipa irabu ya kwetu, ikawa "aidi".

Herufi hiyo iliyotanguliwa na ritifaa ni mabaki ya neno "would", na "would" ni wakati uliopita wa "will", neno ambalo katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kutaka, kabla halijageuka kuwa alama ya wakati ujao. Mswahili asistaajabu, kwani lugha yake imepita njia iyo hiyo: ile -ta- ya "atakuja" ni kitenzi "taka" kilichokatwa mkia, na ushahidi wake umo vinywani mwetu kila siku, tusemapo "atakayekuja", ambapo neno zima limesalimika. Basi mtu akidai kuwa kukata maneno ni uvivu wa Waingereza, ajue kwamba analaumu na ulimi wa mama yake. Jonathan Swift, mwandishi mkubwa wa zama zake, aliwalaumu wenziwe kwa vifupisho kama hivyo katika gazeti la Tatler mwaka 1710, na lawama yake haikuikomesha desturi hiyo.

Hapa nina neno na walimu wetu. Wengi humfundisha mtoto "I would like" kwa ukamilifu, na kifupisho wakakiita uchafu. Katika barua rasmi wana haki. Walakini katika mazungumzo, mtu anayelikazia "would" kila mara husikika kama anayebishana, na mtoto asiyezoeshwa kifupisho hatakisikia akiambiwa. Wala asikimbilie "I want" kwa kuwa ndiyo tafsiri ya "nataka", kwani mbele ya mgeni au mkubwa neno hilo ni kavu, kama kumwambia mwenye nyumba "nipe maji" bila ya "tafadhali". Hiyo 'd hufanya kazi ya -nge- yetu katika "ningependa": huirudisha haja nyuma hatua moja, ili anayeombwa apate nafasi ya kukataa.

"I'd rather" ni ya kuchagua. Asili ya "rather" ni "mapema zaidi", na hata leo wako wasemao "I'd sooner walk" kwa maana ya kupenda kwenda kwa miguu; wao walipima khiari kwa wakati, ilhali sisi, kwa "afadhali" na "heri" tulizopokea kwa Waarabu, twaipima kwa ubora. Kitenzi kifuatacho huja kitupu, bila ya "to". Lakini ukitaka mwingine ndiye atende, husema "I'd rather you stayed", kitenzi kikavaa vazi la jana na hali jambo lenyewe ni la kesho.

"Wanna" ni "want to" iliyosagwa, nayo ni ya marafiki. Isikie, usiiandike kwa mkuu wako.

La hatari zaidi ni "you'd better". 'd yake ni ya "had", si ya "would", na maana yake si khiari hata kidogo. Sisi tukimwambia mzee "afadhali ungoje" huwa tumemshauri kwa heshima, basi mwanafunzi humwambia mzee wa Kiingereza "You'd better wait" kwa nia iyo hiyo njema, na mzee akasikia onyo: ngoja, la sivyo utaona. Kwa aliyekuzidi umri au cheo sema "It might be better to wait", maneno yote kamili, pasipo kukata hata moja.