Digrii ya michezo, deni la milioni 12: Je, inalipa?

Jamani, mwalimu wa michezo kitaani hana heshima! Watu wanadhani kazi yake ni kupuliza filimbi, kuhesabu "moja, mbili, moja, mbili" na kurudi maskani mapema. Wengine wanamwona kama mtu aliyekosa kazi nyingine. Lakini kijana mwenzangu, filimbi ile haitolewi bure. Kwa wengi inapatikana kwa mkopo, na mkopo ni mkopo tu hata ukiupachika jina tamu la "bumu".

Nalisema hili wiki hii kwa sababu Mtwara yetu ina homa ya michezo. UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari, yalifanyika hapa 2019 na yakarudi tena 2021. Ndanda FC nao walitupa raha ya Ligi Kuu pale Nangwanda Sijaona tangu 2014 mpaka waliposhuka 2020. Watoto waliokuwa wakishangilia pale sasa ndio wanaojaza fomu za vyuo.

Mmojawapo ni mpwa wangu wa kidato cha sita, mtoto wa dada yangu wa Kilambo, kule kwenye kivuko cha Mto Ruvuma. Anataka kusomea ualimu wa elimu ya viungo na sayansi ya michezo pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na huku kwetu mnajua, mtoto wa dada akiwa na jambo lake anayeulizwa ni mjomba. Basi mjomba nikachukua kalamu.

Tupige hesabu

Tuchukue mshahara wa mfano wa shilingi laki nane kwa mwezi. Si tarakimu ya serikali, ni ya kutusaidia kuhesabu tu. Mfuko wa hifadhi ya jamii unakata asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, hiyo ni 24,000. Ukiwa mwanachama wa Chama cha Walimu, asilimia 2, yaani 16,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza 2021, inachukua 68,000.

Bado Bodi ya Mikopo. Sheria ilibadilishwa mwaka 2016 na makato yakapanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hapo inaondoka 120,000. Jumla ya makato yote ni 268,000. Kwenye laki nane unaondoka na 532,000, na hapo hujalipa kodi ya chumba wala hujanunua chumvi.

Sasa tuseme mpaka anavaa joho mpwa wangu atakuwa amekopa milioni 12. Kwa 120,000 kwa mwezi atalipa miezi 100. Hiyo ni miaka 8 na miezi 4! Mtoto akizaliwa siku ya kwanza ya makato, deni linaisha akiwa tayari shule ya msingi.

Dada yangu ni mtu wa korosho, namba za mezani hazimwingii sana. Nikamgeuzia. Ile bei ya 3,300 kwa kilo ambayo serikali ilinunulia msimu wa 2018, milioni 12 ni zaidi ya kilo 3,600. Akashika kichwa. "Kaka, korosho zote hizo kwa ajili ya kuruka kamba?"

Afadhali kidogo

Nikamtuliza, maana zamani ilikuwa noma zaidi. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Kwenye deni la milioni 12 hiyo ni 720,000 kwa mwaka, sawa na 60,000 kila mwezi. Ukilipa 120,000, nusu yake inaliwa na tozo. Watu walikatwa miaka na miaka, wakiuliza salio wanakuta limepungua kiduchu. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Siku hizi unacholipa kinapunguza deni lenyewe.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, ukiwa na kazi deni hili linaumiza lakini haliui. Shughuli iko kwenye kuipata hiyo kazi.

Balaa liko hapa

Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi. Foleni ya walimu wasio na kazi ikarefuka. Mapema mwaka 2025 walimu walioomba ajira serikalini walifanyiwa usaili kama wengine. Ule mtindo wa kumaliza chuo na kupangiwa kituo umekwisha. Na usidhani ukikosa ajira deni nalo linakwenda likizo. Sheria inakutambua kuwa mdaiwa hata kama unaendesha bodaboda Chikongola.

Ndipo nikamkalisha mpwa wangu. "Shikamoo mjomba, umekubali?" Marahaba, nikamwambia, nimekubali kwa masharti.

Kwanza, asitegemee viungo peke yake. Awe na somo lingine la kufundishia, na kama kichwa kinaruhusu liwe biolojia au hisabati. Mkuu wa shule mwenye nafasi moja humchukua anayeziba mapengo mawili.

Pili, asisubiri joho ndipo atafute vyeti. Kozi za ukocha za CAF zinaanzia leseni D. Aifanye akiwa bado chuoni, na uamuzi wa netiboli auanze huku huku kwenye mechi za mitaani.

Tatu, apime na njia fupi. Kuna Chuo cha Michezo Malya kule Kwimba, Mwanza. Si kila anayependa uwanja lazima aanzie chuo kikuu.

Nne, bumu lisiwe la viatu na disko. Kila shilingi unayokula leo utaikuta kwenye hati ya mshahara.

Heri iliyopo ni kwamba mtaala mpya ulioanza 2024 umeingiza michezo kwenye mkondo wa amali. Shule zitahitaji watu wanaoijua kazi hii kitaalamu, si mwalimu wa historia aliyepewa filimbi kwa sababu ana kifua.

Hukumu yangu? Digrii ya michezo inalipa kwa anayeingia na somo la pili, cheti mkononi na jina lililokwisha kuvuma viwanjani. Kwa anayeifuata kwa sababu anaiona lelemama, miezi 100 ni mirefu, na inakuwa mirefu zaidi usipokuwa na mshahara wa kukatwa. Mpwa wangu kachagua biolojia. Wewe je?