Mei Mosi na haki ya kibarua (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi wafanyakazi wa Chicago walivyogoma tarehe 1 Mei 1886 wakidai kazi ya saa nane kwa siku, na jinsi mkutano wa Paris wa 1889 ulivyoifanya tarehe hiyo kuwa siku ya madai duniani kote. Wapo wanaosema sikukuu hii ni ya wenye barua za ajira, nayo haimgusi mchukuzi wa sokoni wala mama lishe. Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake liko Mombasa.

Tarehe 13 Januari 1947 shughuli za Mombasa zilisimama. Waligoma watu wapatao 15,000, kwa siku 12. Bandarini wengi wao walikuwa vibarua: mtu huandikwa alfajiri, hubeba magunia kutwa, hulipwa jioni, na kesho yake hana ahadi yoyote. Waliungana nao watu wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja wa Majengo, wakauita Kiwanja cha Maskini. Hapo lilipata nguvu Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ambalo Chege Kibachia aliliongoza, na ambalo halikumuuliza mtu anafanya kazi gani. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, na naamini ndilo lililoitisha serikali ya kikoloni, iliyopendelea vyama vya kazi mojamoja. Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, akapelekwa kizuizini Baringo.

Atakuwepo wa kusema kwamba mgomo wa kibarua haufui dafu, kwa kuwa nafasi yake huchukuliwa na mwingine papo hapo. Ni kweli akigoma peke yake. Wakigoma wote, mzigo hulala melini, na mwajiri hana wa kumtishia kumfukuza, maana kibarua hana kazi ya kudumu ya kupoteza. Baada ya mgomo ule malipo yaliongezwa.

Vyama vya watumishi wa majumbani tunavyo leo, Kenya na Tanzania, lakini wachukuzi na vibarua wengi wa ujenzi hawana wa kuwasemea. Naviomba vyama vyetu viwafuate hukohuko waliko, viwaandikishe kwa ada wanayoimudu, na Mei Mosi ijayo madai yao yasomwe mbele ya mgeni rasmi pamoja na yale ya nyongeza ya mishahara. Juma lijalo tutautazama mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948.