Tulingoja kupambazuke, damu haikungoja

Ilikuwa saa saba usiku, mwaka wa 2016, mlango wangu ulipobishwa. Jirani yangu wa ploti, mama muuza mboga sokoni, alikuwa amesimama nje na leso begani, akitetemeka.

"Mzee, njoo umwone mtoto," akaniambia. "Anatokwa na damu na haikomi."

Msichana huyo alikuwa kidato cha pili. Nilimkuta amejikunja kitandani, uso umempauka. Mamake alinieleza kwa maneno machache. Kulikuwa na mimba ambayo yeye mwenyewe aliijua siku hiyo tu, na kulikuwa na mwanamke wa mtaa wa pili aliyelipwa pesa kidogo ili kuitoa.

Alikuja kwangu kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa na naandika magazetini, hivyo akadhani najua sheria. Akaniuliza swali moja: "Tukimpeleka hospitali, hawatamfunga?"

Nilimjibu kile nilichoamini. Nilimwambia tungoje kukuche ili kwanza nimpigie simu wakili ninayemfahamu, kwani kosa hilo lina kifungo. Tulingoja saa tano. Kulipopambazuka, msichana hakuweza kusimama. Hospitalini, muuguzi wa zamu alimwuliza ni nani aliyemfanyia kitendo hicho kabla hata ya kumpima presha. Madaktari waliokoa maisha yake, lakini ilibidi wamtoe kizazi.

Jibu nililompa mama yule halikuwa sahihi, hata kisheria. Nina hakika si mimi peke yangu ninayeamka usiku nikilikumbuka jibu la aina hiyo.

Nianze na upande wangu. Katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, nilipiga kura ya La, ile ya rangi nyekundu. Viongozi wa makanisa walikuwa wametuhimiza tuikatae Katiba kwa sababu mbili kuu: mahakama za Kadhi na Kifungu cha 26, sehemu ya nne, kuhusu uavyaji mimba. Tulishindwa. Wakenya wawili kati ya kila watatu waliopiga kura waliunga mkono Katiba, nayo ikazinduliwa Agosti 27 mwaka huo.

Ajabu ni kwamba nilikipinga kifungu hicho bila kukisoma hadi mwisho. Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Hapo hatuna ugomvi. Kisha inasema uavyaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au iwapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kifungu cha 43 nacho kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Msichana anayevuja damu kitandani ni dharura. Hakuna mahali Katiba inapomtaka daktari aulize damu hiyo imetokana na nini kabla ya kuizuia.

Mbona basi mimi, mtu niliyesoma, nilimwambia mamake angoje? Ni kwa sababu kando ya Katiba kuna Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyoachiwa na wakoloni, ambayo ndiyo watu wengi wanaijua. Inampa anayetoa mimba kinyume cha sheria kifungo cha hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi miaka saba, na anayeleta dawa au vifaa hadi miaka mitatu. Tuliikumbuka miaka hiyo ya kifungo, tukasahau maneno "kinyume cha sheria".

Serikali yenyewe iliongeza utata. Septemba 2012, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaeleza wahudumu ni wakati gani sheria inawaruhusu kuhudumia wanawake wa aina hiyo. Desemba 2013, mwongozo huo uliondolewa kwa barua. Februari 2014, wahudumu wakakatazwa hata kuhudhuria mafunzo kuhusu suala hilo. Daktari aliyeachwa bila mwongozo, huku akikumbuka kifungo cha miaka 14, ni rahisi kuelewa kwa nini angesema, "Mpelekeni kwingine."

Matokeo yake yalifika mahakamani kupitia msichana anayejulikana katika kesi hiyo kwa herufi JMM pekee. Alinajisiwa mwaka wa 2014 akiwa na umri wa miaka 14, akapata mimba, akaitolewa na mtu asiye na ujuzi. Alihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, na figo zake zikaharibika. Kesi iliwasilishwa mwaka wa 2015 na shirika la mawakili wanawake, FIDA-Kenya, pamoja na wengine, akiwemo mamake. Msichana huyo alifariki Juni 2018 kabla ya kusikia uamuzi.

Juni 12, 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi waliamua kwamba kuondolewa kwa mwongozo na kupigwa marufuku kwa mafunzo kulikiuka haki za wanawake. Walisema pia kwamba mwanamke aliyepata mimba kwa kunajisiwa anaweza kuhudumiwa iwapo mtaalamu wa afya ataona kuwa afya yake, ya mwili au ya akili, imo hatarini. Mamake JMM alipewa fidia ya Sh3 milioni. Mtoto wake hakurudi.

Mvutano haukuishia hapo. Machi 2022, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa kukamatwa kwa msichana wa shule na afisa wa kliniki aliyemtibu huko Kilifi hakukuwa halali. Uamuzi huo nao ulikatiwa rufaa.

Wenzangu kanisani huniambia kwamba neno "afya" ni mlango mpana, na kwamba atakayeuingia leo kwa dharura ataufanya kesho kuwa desturi. Siwadharau. Hofu hiyo ni ya watu wanaoheshimu uhai, na kijusi hakina wakili wa kukisemea. Lakini utafiti uliofanywa kwa ushirikiano na Wizara ya Afya ulikadiria kuwa mwaka wa 2012 pekee mimba 464,690 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yaliyotokana na utoaji mimba. Yote hayo yalitokea sheria ikiwa kali na mlango ukiwa umefungwa. Ukali huo haukuokoa vijusi, wala haukuwaokoa mama zao.

Mwenye pesa hafikii kwa mwanamke wa mtaa wa pili. Huingia kwa daktari wa faragha, mchana, na jina lake haliandikwi popote. Anayevuja damu hadi alfajiri ni binti wa muuza mboga.

Na kuna jambo jingine ambalo sisi wa upande wa La hatujalifanya. Usiku ule nilifikiria polisi, wakili na kanisa. Sikumwuliza mtu yeyote ni mwanamume gani aliyempa mimba mtoto wa shule. Hadi leo hakuna aliyemtafuta. Tunaotetea uhai tulipaswa kuanzia hapo.

Imani yangu haijabadilika. Naamini bado kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na mjadala wa ni lini sheria iruhusu mimba kutolewa utaendelea bungeni, mahakamani na makanisani. Lakini swali la mama yule halikuwa hilo. Yeye aliuliza iwapo mtoto anayekufa anaweza kupelekwa hospitali.

Jibu ni ndiyo. Lingebandikwa kwenye ukuta wa kila zahanati, kwa Kiswahili, nami nisingelikosea. Jirani akibisha mlango wako usiku, msomaji, usingoje kukuche. Tafuta gari.