Chakula kinachopita katika mpira



Baba ameungua moto kazini, ao ameumia kichwa. Analala hospitali, katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hasemi, hamezi. Mpira mwembamba umepita puani mpaka tumboni, na ndani yake munapita kitu kama maziwa. Unafika na bukari na sombe, wanakukataza. Unarudi na hasira: «Wanamwua na njaa!»

Sivyo. Mtu aliyeumia sana, mwili wake unaanza kula nyama yake wenyewe. Ndiyo sababu mapigo ya damu yakiisha kutulia, waganga wanapenda kuanza kumlisha katika saa 24 mpaka 48 za kwanza. Yale «maziwa» ni chakula kamili: nguvu, protini, mafuta, chumvi na vitamini. Tena yako ya namna mbalimbali. Mganga anachagua namna gani?

1. Wagonjwa wengi wanapewa chakula cha kawaida: mililita 1 inatoa kalori 1. Mtu wa kilo 60 akihitaji kalori 25 kwa kila kilo, ni kalori 1.500, ndiyo lita moja na nusu kwa siku.

2. Mgonjwa asiyeweza kupokea maji mengi, kwa sababu ya moyo ao figo, anapewa chakula kizito zaidi: kalori 1,5 ao 2 katika mililita 1.

3. Protini zinajenga nyama na kuponya vidonda. Mgonjwa mahututi anahitaji gramu 1,2 mpaka 2 kwa kila kilo kwa siku. Aliyeungua sana asipungukiwe na 1,5.

4. Tumbo likishindwa, kuna chakula ambacho protini zake zimekwisha kuvunjwa-vunjwa. Lakini mgonjwa akihara, kwanza watafute sababu. Mara nyingi ni dawa.

Usishangae kuona wanaanza na kidogo. Aliyekaa siku nyingi bila kula, akijazwa kwa ghafula, chumvi za damu yake zinaharibika na moyo unaweza kusimama.

Ninyi jamaa, kazi yenu ni hii:

— Mwambieni mganga ukweli: mgonjwa alikuwa na kilo ngapi? Alikaa siku ngapi bila kula? Ana ugonjwa wa sukari?

— Musitie uji katika mpira. Unaziba mpira, na unaweza kuingiza vijidudu.

— Musimpe kitu kinywani bila ruhusa. Kikiingia mapafuni, kinaweza kumwua.

— Musishushe kichwa cha kitanda. Kimeinuliwa kusudi chakula kisirudi kooni.

— Naweni mikono mbele ya kumgusa.

Siku atakapoweza kumeza tena, mganga mwenyewe atawaambia. Siku hiyo, mama, lete bukari yako.