Fahamu: Mizabibu isiyoogopa baridi ya Minnesota

Mwezi Januari katika jimbo la Minnesota, Marekani, baridi hufika wakati mwingine nyuzi 30 chini ya sifuri. Mzabibu wa Ulaya, unaotoa divai za Ufaransa na Italia, hauwezi: vichipukizi vyake huanza kufa kwenye nyuzi 20 hivi chini ya sifuri. Waliong'ang'ania kuupanda iliwabidi kuulaza na kuufukia udongoni kila mwaka kabla ya theluji.

Dawa ilikuwa imeota kando ya mito. Mzabibu mwitu wa huko, Vitis riparia, hupunguza maji katika seli zake na kukusanya sukari kabla ya baridi, ili barafu isizipasue. Ila tunda lake ni dogo na chachu kupindukia. Elmer Swenson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Wisconsin, alianza mwaka 1943 kuuchanganya na aina nyingine. Baadaye Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa aina za Frontenac mwaka 1996 na Marquette mwaka 2006. Hii ya pili ni mjukuu wa Pinot Noir, mzabibu wa Ulaya, na kwangu ndiyo inayovutia zaidi.

Mkulima wa Dodoma, Tanzania, asiye na baridi kama hiyo na anayevuna mara mbili kwa mwaka, hana haja nayo. Hata huko Minnesota, Marquette ina kasoro: huchipua mapema, kisha jalidi la Mei huunguza machipukizi. Asidi nayo bado ni nyingi. Watengenezaji huipunguza kwa bakteria, au hupanda Itasca, aina ya mwaka 2017 yenye asidi ndogo zaidi.