Nani Ana Ruhusa ya Kuamini?

Mhubiri wa Kipresbiteri jijini Juba huwaita wote wanaomsikiliza wamwamini Kristo. Lakini kanisa lake limerithi pia fundisho kwamba Mungu alikwisha kuwachagua watakaookolewa. Basi asiyejua kama ni mteule anaamriwa kuamini nini?

Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi, waliliuliza swali hilo kwa ukali. Walisema kila mtu ana wajibu wa kuamini kwamba Kristo alikufa kwa ajili yake. Kama hakufa kwa ajili ya wote, basi wapo wanaoamriwa kuamini uongo. Sinodi ya Dordrecht, iliyokaa mwaka 1618 na 1619, ilishikilia uteule, na papo hapo ikaagiza kwamba ahadi ya uzima kwa kila aaminiye itangazwe kwa mataifa yote bila ubaguzi, pamoja na amri ya kutubu na kuamini. Wanateolojia wa mkondo huo wakafafanua: mtu haamriwi kwanza kusadiki habari za uteule wake, bali kumpokea Kristo anayetolewa katika Injili. Azimio la Mungu ni siri. Kinachomfunga mtu ni neno lililofunuliwa. Jibu hilo lina nguvu, kwa sababu linaiweka amri juu ya ahadi na halimtumi msikilizaji kuchungulia mbinguni.

Hata hivyo ugomvi ulizuka tena Scotland. Mwaka 1720 Mkutano Mkuu wa kanisa la huko ulikilaani kitabu The Marrow of Modern Divinity. Wachungaji Thomas Boston na ndugu wawili, Ebenezer na Ralph Erskine, walikitetea: Kristo ni zawadi inayotolewa kwa wenye dhambi, wala mtu hangoji kwanza ajione ametubu vya kutosha. Mwaka 1733 Ebenezer Erskine na wenzake watatu walijitenga, safari hii kwa sababu ya mabishano juu ya uteuzi wa wachungaji. Sehemu ya warithi wao huko Marekani waliungana mwaka 1858 kuunda United Presbyterian Church of North America, na kanisa hilo ndilo lililofungua misheni ya Doleib Hill, karibu na mto Sobat katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, mwaka 1902. Wamisionari walifukuzwa kusini mwa Sudan mwaka 1964. Waumini wenyeji wakaendelea.

Tangu vita vilivyolipuka Juba Desemba 2013, ibadani wanaweza kuketi pamoja aliyefiwa na aliyeua. Ahadi ni ya kutangazwa kwa wote wawili, na wajibu wa kuamini unawafunga wote wawili. Anayemtaka muuaji athibitishe toba yake kabla ya kuisikia ahadi hiyo anafundisha kile kile ambacho Boston alikipinga.