MCHEZO UNAOFUNZA KUTUNZA MALI YA WOTE

Ndugu mkulima, ukisikia kwamba wanafunzi wa chuo kikuu wanacheza darasani, usicheke. Mchezo huo una mafunzo, nawe waweza kuucheza nyumbani.

Mwalimu mmoja wa Marekani, Dennis Meadows, alibuni mchezo ambao ndani yake wanafunzi hujifanya wenye mashua, na wote huvua katika bahari moja. Mara nyingi samaki huisha, mashua zikakosa kazi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alihesabu faida yake tu.

Jaribuni hivi. Muwe watu wanne. Tieni punje 40 za mahindi katika bakuli. Hizo ndizo samaki. Mmoja awe mvuvi mwenye karo ya kulipa, wa pili mwenye mashua ya injini, wa tatu mchuuzi, wa nne mzee wa kijiji. Kila mtu aandike kwa siri atachukua ngapi. Punje zitakazobaki huongezwa mara mbili, lakini zisipite 40.

Mkichukua 8 kila mtu, zitabaki 8, nazo zitakuwa 16. Mwaka wa pili hazitawatosha, na bakuli litakuwa tupu. Sasa anzeni upya, lakini mshauriane kwanza. Mkichukua 5 kila mtu, zitabaki 20, nazo zitarudi kuwa 40. Hapo mtavuna kila mwaka. Kisha badilishaneni nafasi, ili mzee aonje shida ya mwenye karo.

Jambo hili si la bakuli tu. Kule Gazi, upande wa Msambweni, mikoko ilikatwa sana zamani kwa boriti na kuni, hata mahali pengine pakabaki wazi. Baadaye ilipandwa tena. Mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni walianza mpango wa Mikoko Pamoja, wa kutunza hekta 117. Mikoko huvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi. Watu wa mbali hulipia kazi hiyo, na fedha husaidia maji na shule.

Nanyi wa skimu mna visima, malisho na vijito vya pamoja. Msingoje kiangazi. Iteni mkutano, chezeni mchezo huu, kisha kubalianeni: nani achote, kiasi gani, na nani asimamie. Neno la kukubaliana ni rahisi kabla ya kisima kukauka. Baadaye ni ugomvi.